Mjukuu Aliyengoja Jina

Ukienda Sitalike kwa baiskeli, usivae bluu. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mkufunzi atakayekwambia, na mimi sikuambiwa. Mbung'o wa njia ile wanaifuata bluu iliyokolea kama kuku anavyofuata mtama. Siku yangu ya kwanza nilitoka Mpanda mjini na sketi ya sare ya chuo, bluu tupu, nikijiona mtaalamu. Nilifika kwa mgonjwa nimevimba shingo na mikono, wenyeji wakakimbilia kuniwekea kigoda mimi kabla hawajanionyesha alipo mgonjwa.

Nyie mnaoanza kazi hii ya kuwasaidia watu kuongea mna bahati, kazi yenu sasa ina jina. Enzi zile, katikati ya miaka ya tisini, nikieleza ninachosomea watu walidhani nataka kutangaza redioni. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nasomea "mambo ya ulimi", nao wakampa pole. Nilikuwa nimeshafundisha shule ya msingi miaka kadhaa kabla ya kwenda chuo cha elimu maalumu, kwa hiyo nilikuwa mwanafunzi mtu mzima, mbishi, mwenye majibu hata kwa maswali ambayo hayajaulizwa. Wakati huo Katavi lilikuwa jina la mbuga tu, na Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa. Likizo ndefu nilishuka na treni ya Kaliua, nikaenda hospitalini kuomba kujitolea. Wakaniambia chumba cha kazi yangu hakipo, ila kipo cha mazoezi ya viungo, na humo yumo Bwana Festo.

Bwana Festo alikuwa Mfipa mfupi mwenye viganja vipana, na maneno aliyatumia kwa ubahili. Alinisikiliza nikimweleza nadharia zangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi miguu naiweza. Midomo siiwezi. Kaa hapo tuone."

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kunyamaza. "Kuanzia sasa mpaka jioni usitamke neno," alisema. "Nenda sokoni kaniletee dagaa, chumvi na uzi mweupe."

Nilicheka. Nilichagua upande wa soko ambako hawanifahamu, nikaanza kuonyesha kwa mikono. Watu wakanipigia kelele kama kiziwi. Mama mmoja akamwambia mwenzake, nikiwa nimesimama mbele yake, "Msichana mzuri hivi, jamani, nani atamuoa?" Muuza dagaa, mwenye nyanya na vitunguu pia, alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kila nilipoinua mkono alinikatiza, "Unataka nyanya? Vitunguu? Ee, vitunguu." Akanifungia vitunguu. Nikavichukua, maana nilikuwa nimechoka.

Bwana Festo aliviangalia vile vitunguu, wala hakuuliza. "Mgonjwa wako atapokea vitunguu kila siku," alisema, "mpaka utakapojifunza kumsubiri." Tangu siku ile nikijiona nataka kummalizia mtu neno, nahesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Jaribuni leo mkiwa na mtu yeyote. Mtashangaa ishirini ilivyo mbali.

Mgonjwa niliyepewa ni Mzee Masunga. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakitafuta malisho, na boma lake lilikuwa kabla hujafika Sitalike. Alianguka zizini asubuhi moja, kiharusi. Alipotoka hospitali alikuwa anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia umelegea, na kinywa chake kimebakiwa na neno moja tu la Kisukuma, *ntondo*, yaani kesho. Akitaka maji alisema ntondo. Akifukuza mbuzi, ntondo. Ukimwamkia, anakutazama kwa macho yenye akili zote, anavuta pumzi, na linatoka lile lile.

Msicheke peke yenu, hata sisi tulicheka. Jirani mmoja alikuja kumuuliza mvua itanyesha lini. Mzee akajibu anavyoweza, na kesho yake mvua ikanyesha kweli. Wiki ile walifika watu watatu na kuku wao kutaka kutabiriwa mambo. Jilala, mwanawe mkubwa, alipata taabu kuwarudisha. Mzee mwenyewe alikuwa anageukia ukuta, na mimi nilipomwona amegeukia ukuta kicheko kiliniishia.

Katika boma lile kulikuwa na jambo zito kuliko ugonjwa wenyewe. Mke wa Jilala, Mama Kabula, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi mmoja baada ya mzee kuanguka. Kwa ukoo wao mtoto hupewa jina na mkubwa wa nyumba, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Jina analichagua mwenyewe, na halitajwi kabla ya siku yake. Basi mtoto alikaa hivyo hivyo, bila jina, wakimwita Mgeni. Mdogo wake mzee, Mzee Maganga, alikuwa ameleta habari kutoka upande wa Tabora kwamba mahindi yakishavunwa atakuja. Kaka akishindwa kutaja, atataja yeye, na jina analo tayari.

Jilala alinieleza hayo akichora chini kwa kijiti. "Baba mdogo hana ubaya, Mwalimu. Ila akitaja yeye, ndiyo basi. Watu watakuja kwake kwa kila neno. Baba atakuwa anakula tu, kama mtu ambaye tulishamzika."

Nilihesabu. Nilikuwa na wiki saba.

Sasa niwaambie nilivyozichezea. Chuoni tulipewa kadi za picha za kumpima mgonjwa: unaonyesha picha, anataja au anaashiria. Nikampangia Mzee Masunga kadi zangu mkekani kwa mbwembwe. Meli. Mwavuli. Simu ya mezani. Akaziangalia kama mtu anayeangalia mizigo ya wengine kwenye behewa. Nikasema moyoni, ngoja nimpe rahisi, nikaweka ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mweusi kwa mweupe, mgongo umenyooka kama meza. Mzee akaichukua kadi, akaigeuza, akatikisa kichwa, akairudisha. Nikaandika katika daftari: *Hatambui picha ya ng'ombe. Uelewa umeathirika sana.*

Bwana Festo alisoma daftari lile jioni. Akaomba kadi. Akaitazama muda mrefu.

"Nundu iko wapi?" akauliza.

Nilijisikia mjinga mpaka masikioni. Safari iliyofuata nilimrudishia mzee ile kadi nikamwonyesha mgongoni pa ng'ombe, nikafanya ishara kwamba nundu imekwenda. Alicheka hadi fimbo ikamwanguka. Mtu anayecheka hivyo uelewa wake haujaathirika sana. Uelewa ulioathirika ulikuwa wangu, na ndio niliouandika upya, kwa peni nyekundu. Kadi nikaziacha mjini. Tulianza kutumia ng'ombe wake mwenyewe, mmoja mmoja wakitoka zizini, kila mmoja na jina lake.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo lililonifunza kazi. Kitabu changu kilisema mazoezi ya mdomo yafanywe kila siku na mtu wa karibu wa familia. Akae uso kwa uso na mgonjwa, amwonyeshe midomo inavyokaa, amguse mashavu, watazamane kwenye kioo. Mtu wa karibu alikuwa Mama Kabula. Ndiye aliyempikia, ndiye aliyeshinda nyumbani wakati Jilala yuko machungani. Nikamfundisha vizuri, akanisikiliza akiangalia chini. Nikaacha kioo kidogo, na karatasi ya kutia alama kila siku. Nikasema nitarudi baada ya wiki mbili, maana mjini nilikuwa na wagonjwa wengine.

Niliporudi karatasi ilikuwa safi, alama kumi na nne, hakuna siku iliyorukwa. Mzee alikuwa pale pale, ntondo. Nilivunjika moyo, nikamlalamikia Bwana Festo kwamba mazoezi yanafanyika na hayasaidii. Akasema, "Ukitaka kujua kama mazoezi yanafanyika, usiangalie karatasi. Angalia kioo kimewekwa wapi."

Nikarudi bomani kukitafuta. Kioo kilikuwa kimetundikwa nje, kwenye nguzo ya banda la kuku. Wasichana walikuwa wanasukia nywele hapo. Na zile alama, nilipozitazama vizuri, zilitiwa zote kwa mkupuo mmoja, peni ile ile, mkono wa Jilala.

Nilikwenda jikoni nikamkaripia Mama Kabula. Nakiri, nilimkaripia kama mtoto wa darasa la pili. Nilisema wiki mbili zimepotea, nilisema kama hamtaki mzee aongee niambieni nisijisumbue na mbung'o. Alikuwa amepiga magoti, mtoto mgongoni, akasubiri nimalize. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, wewe umeolewa?"

"Bado."

"Ukiolewa, utamshika baba mkwe wako mashavu?"

Mimi ni Mkonongo, na kwetu pia mkwe ni mkwe. Mama yangu hakuwahi kuketi walipoketi wakwe zake wanaume. Kwa boma lile ilikuwa kali zaidi: Mama Kabula chakula cha mzee alikuwa anakipeleka hadi mlangoni tu, mtoto anapokea, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtazama usoni. Nami nikamwambia amshike mashavu mbele ya kioo. Mambo haya nilikuwa nayajua tangu utotoni, ila kitabu kilikuwa na picha ya mama wa Kizungu amemshika mzee wake mashavu, na mimi nikaamini picha. Hawakunibishia kwa sababu walinistahi. Walitia alama ili nisiaibike. Niliona haya kiasi kwamba nililia pale pale jikoni, na moshi ukanisaidia kusingizia.

"Usilie," alisema Mama Kabula. "Wa kukaa naye yupo. Mke wake si yule pale?" Akaelekeza kwa mdomo uani, kwa Kabula, binti yake wa miaka minane.

Hapo vijana wa mjini nawafafanulia. Babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu mke, mjukuu humtania babu anavyotaka, na hakuna heshima inayovunjika. Kabula alikuwa mchokozi tangu tumboni. Alikaa mbele ya mzee, akamvuta mashavu, akamwekea kioo puani, akamwambia, "Guku, mume gani wewe? Hata jina langu hujui. Nitaolewa na mwingine." Guku ndiyo babu kwao. Mzee alijaribu kumjibu akashindwa, akajaribu tena, uso ukamwiva. Siku ya nne likatoka neno jipya. Lilikuwa tusi, na halikuwa dogo. Kabula alikimbia boma zima akilitangaza, na kina mama walipiga vigelegele kwa ajili ya tusi. Nami niliandika kwenye daftari kwa heshima zote kwamba mgonjwa ametamka neno la pili.

Kumbukeni hili: maneno ya mazoea hubaki mahali pengine kichwani. Tusi, salamu, wimbo, kuhesabu. Msione haya kuanzia huko.

Baada ya hapo alipanda na kushuka. Siku moja anataja ng'ombe watano, siku nyingine hata jina moja halitoki, nami sielewi sababu. Nilidhani ni joto. Nilidhani ni chakula. Bwana Festo, nilipomwonyesha siku nzuri na siku mbaya, alisema tu, "Uliza jikoni." Nikauliza. Siku nzuri zote zilikuwa siku za kutwanga. Mchi ukipiga kinu upande wa pili wa ukuta, mzee alikuwa anatikisa goti, na neno linapanda juu ya mdundo. Nilipomweleza Mama Kabula alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kuanzia siku ile alitwanga kila asubuhi ya mazoezi, nafaka ikiwepo au isiwepo. Siku nyingine alikuwa anatwanga pumba. Hakumwona mkwe wake, hakumsemesha, ila kila neno alilopata mzee lilipitia mikononi mwake.

Siku hizi mnatumiana video, mgonjwa yuko kijijini na nyie mko Dodoma, na naona inafaa, siwabishii. Mimi nilirekodi kwa redio kaseti, betri tukizianika juani ziongeze siku mbili tatu. Ila video haikuonyeshi nani anatwanga upande wa pili wa ukuta. Nendeni mkaone.

Mzee Maganga alifika mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, alimkumbatia kaka yake kwa muda mrefu. Watu walikaa uani, wanaume upande wao, wanawake upande wa jikoni. Mzee Masunga aliwekwa katikati, shati jeupe, Kabula miguuni pake, nami nyuma ya Kabula. Siku ile hakuna aliyetwanga. Chakula kilikuwa kimeshaiva, na kelele za jikoni hazikutakiwa. Nami nilijua kwamba ng'ombe tulikuwa tumewafanyia mazoezi wote, majirani tumewafanyia, lakini jina la mtoto hatukuligusa, maana hakuna aliyelijua isipokuwa yeye.

Wakamuuliza mzee mtoto anaitwa nani.

Akavuta pumzi. Midomo ikakutana, ikaachana. Nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi. Kumi na tatu. Watu wakaanza kuangalia chini, ile kuangalia chini ya msibani. Kumi na saba. Kabula alitaka kusema kitu, nikamfinya bega. Ishirini ikapita, nikaanza upya moja. Mzee Maganga akasogea, akamwekea kaka yake mkono begani kwa upole kabisa, akasema, "Basi, kaka. Usijitese. Nitakusaidia."

Hapo ikatoka sauti jikoni, sauti ya mwanamke, si kubwa.

"Baba hajamaliza."

Mama Kabula, ambaye mbele ya wakwe zake hakuwahi hata kukohoa, alikuwa amesimama mlangoni ametazama chini, mtoto kifuani. Wanaume waligeuka kumtazama Mzee Maganga, wakingoja amkemee. Mimi nilikuwa naogopa kwa niaba yake kiasi kwamba nilisahau hesabu. Mzee Maganga alimtazama mkwe wake, akamtazama kaka yake. Kisha akauondoa mkono begani taratibu, akarudi kwenye kigoda chake, akakaa.

Mzee Masunga alichukua muda wake wote.

"Minza," akasema.

Wanawake wakashika midomo. Minza lilikuwa jina la marehemu mkewe, aliyefariki njiani wakati wanahamisha ng'ombe, akazikwa mahali ambapo wao wenyewe wasingeweza kupaona tena. Miaka yote mzee hakulitaja. Jilala alifunika uso kwa kofia. Mzee Maganga, aliyekuja na jina jingine mdomoni, alikuwa wa kwanza kuitikia, naye alikuwa analia.

Mama Kabula alisogea hatua chache, akapiga magoti mbali kama ada inavyotaka, akamkabidhi Kabula mtoto. Kabula akampeleka. Mzee akamwekea mtoto kiganja cha kushoto kichwani, kile kilichokuwa kizima, akalisema tena lile jina, na tena, na tena, na hakuna mtu pale uani aliyetaka aache.